Dar hadi Iringa na kilo 25: baiskeli gani, kilomita ngapi kwa siku?

Mkuu, umeuliza kama resa (baiskeli ya mashindano) ya mtumba itakufikisha Iringa na kilo 25 za mzigo, kwa kilomita 120 kila siku. Njia hiyo naipita nikiwa nimepakia, acha nikujibu.

Resa iache. Gia yake ndogo ya mbele mara nyingi ni ya meno 39, kwenye mlima wa Kitonga utashuka uisukume. Tena ni fupi kwa nyuma, kisigino kinagonga begi kila ukikanyaga pedali, na nyingi hazina matundu ya kufungia keria. Tafuta mauntenibaiki ya zamani: fremu ya chuma, foki isiyo na shokapu, gia ndogo ya mbele meno 22, kubwa ya nyuma 32 au 34, rimu ya nyuma spoki 36. Chuma kikikatika fundi wa kuchomelea humkosi njiani. Aluminiamu wachache wanaiweza.

Tairi chukua inchi 26, hiyo hata senta ndogo wanayo. Ukiwa na rimu za 700C (za resa, nazo huitwa inchi 28), muuzaji atakuambia "28 ni 28 tu." Si kweli. Tairi ya baiskeli ya Phoenix ni 28 × 1½, soma ubavuni utakuta 635, ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita. Ya 700C ni 622. Milimita 13 hizo, tairi inapwaya kwenye rimu.

Kilomita 120 zisahau. Ukiwa na mzigo unatembea 12 hadi 15 kwa saa. Ondoka saa 12 asubuhi, kanyaga kwa muda wa saa tano, hapo una kilomita 60 hadi 75 na jua ndiyo linaanza kuchoma. Siku ya kwanza ishia Mlandizi, ya pili Chalinze, ya tatu, ndefu kidogo, Morogoro.

Mikumi usikatize kwa baiskeli, nakusihi. Barabara inapita hifadhini takriban kilomita 50, tembo na nyati wanavuka. Pale Doma, kabla ya hifadhi, omba lifti ya fuso.

Kitonga ipe siku yake. Lala Ruaha Mbuyuni, panda alfajiri kungali na ubaridi, jioni uwe Ilula. Kona ni kali na malori ni mengi. Mawili yakipishana, wewe toka kabisa barabarani.

Kabla ya safari, pakia kila kitu, maji yakiwemo, uende Bagamoyo ulale, urudi kesho yake. Spoki za kulegea zitalegea huko, na fundi wako yuko karibu.