Kabla hujapanda trela, uliza siku za foleni nani analipa

Mwezi huu maswali ya kazi ya trela yametoka sana upande wa Changamwe, Jomvu na Mikindani hapa Mombasa, huko ambako ploti haikosi mtu wa trela. Nimechukua matatu.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Mikindani, naendesha kanta, lori dogo la kubeba simiti na mchanga hapa mjini. Mjomba ameniambia kuna kampuni ya transiti, ya kupeleka mizigo nchi za jirani, inatafuta madereva wa trela wa kwenda Kampala, mshahara si mkubwa lakini ati maileji, ile pesa ya safari, ni nzuri. Mamangu hataki kusikia kabisa. Niende ama nikae na kanta?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza ujue ni kazi gani unaenda kufanya, manake wengi wanadhani ni kuendesha. Kuendesha ni kidogo, kungoja ndo kwingi. Unangoja kupakia bandarini Kilindini, unangoja karatasi za klia, yule wakala wa kutoa mzigo, unangoja mizani, unangoja Malaba mpakani, ukifika Kampala unangoja kushusha kwenye yadi ya tajiri ambaye ushuru hajalipa, na mzigo ukishatoka kontena bado unalo, mara nyingi lazima lirudi Mombasa tupu. Sasa hiyo maileji unayosifiwa kampuni nyingi zinaihesabu kwa safari, si kwa siku. Ukienda ukarudi haraka imekulipa vizuri kweli, hapo mjomba hajakudanganya. Lakini ukikwama njiani wiki mbili tatu pesa ni ile ile, na ni hiyo hiyo unakula, unaoga, unalipa pakingi na kumpa utingo chake, unarudi nyumbani mfukoni hamna kitu na kodi inangoja.

Hapo Mariakani kwenye mizani ya kupima malori nataka nikae kidogo, ndo vijana wanapolia. Trela la ekseli sita, yaani mihimili ya magurudumu, kichwa tatu na tela tatu, mwisho wake ni tani 50. Lakini hawaangalii jumla peke yake, kila kundi la ekseli lina kikomo chake, ya mbele tani 8, zile mbili za kuvuta 18, zile tatu za nyuma 24. Na wewe kontena umelikuta limefungwa lina sili ya forodha, hujui ndani wamepanga vipi, unapanda mizani jumla iko sawa kabisa lakini ekseli za kuvuta zimezidi kwa sababu mzigo mzito wameulaza mbele. Kufungua huwezi, mzigo wa transiti hauguswi bila watu wa forodha, na siku hizi kuna sili za elektroniki zinafuatiliwa kwa kompyuta njia nzima, ukiichezea wanaona. Basi gari linawekwa pembeni, simu zinaanza, bosi anasema ongea na klia, klia anasema ongea na mwenye mzigo, na wewe uko pale juani unatafuna maileji yako kwa kosa ambalo hata hukulishuhudia likifanywa. Mimi hili linaniuma sana, kwa sababu aliyepanga mzigo analala kwake na aliye barabarani ndo analipa.

Malaba kumekuwa na nafuu tangu nchi mbili zianze kukagua mahali pamoja, lakini mtandao ukilala foleni inarudi. Waulize waliokuwepo 2020 wakati wa korona, malori yalipanga makumi ya kilomita watu wanalala ndani ya kebini siku baada ya siku wakingoja majibu ya vipimo.

Kwahivo kabla hujasaini uliza waziwazi, nikilala foleni siku tatu nalipwa nini? Kampuni za kulipa pesa ya kulala zipo. Wakikuona mjeuri kwa swali hilo jibu umeshapata, rudi kwa kanta yako. Uliza pia mkataba wa maandishi na mshahara wa msingi ni ngapi, usiudharau ati kwa sababu maileji ni kubwa, NSSF yako kampuni nyingi zinaikata kwa ule mshahara ulioandikwa na maileji haimo, utakuja kuona uzeeni. Halafu leseni ya kanta haikupi ruhusa ya trela, trela lina daraja lake kule NTSA, mamlaka ya usafiri, na mtihani wake, usikubali mtu akuambie twende tu tutaongea na askari.

Mamako labda pia anakumbuka ile miaka ya treni. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo ya bara ipande SGR na madereva wengi hapa wakakaa nyumbani, mpaka 2022 agizo lilipoondolewa. Kazi hii inaweza kubadilika kwa agizo la siku moja na mama ameona. Mimi kama ni mwanangu ningemwambia aanze na trela za hapa hapa, bandarini mpaka yadi za Changamwe, ajue kurudi nyuma na kontena la futi 40 kwenye kona mbovu na jioni alale kwake, ya Kampala itakuja.

SWALI: Mume wangu anaendesha trela la Nairobi. Anaondoka usiku, anatafuna muguka, yale majani ya kuzuia usingizi, njia nzima, akirudi analala tu hata watoto hawasemeshi. Naogopa. Nimwambie aache? – Mama wa Magongo

JIBU: Dadangu, woga wako una haki. Sheria ya trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya masaa 8 ndani ya masaa 24. Sasa piga hesabu, Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, lori mwisho wake ni 80 kwa saa, hapo weka mizani, weka milima, weka foleni ya Mlolongo. Akiambiwa afike alfajiri, apakue, ageuze siku hiyo hiyo, hayo masaa 8 yamevunjwa na aliyepanga safari kabla dereva hajawasha gari.

Na muguka hauondoi uchovu, unazuia tu macho kufumba. Inafika mahali, sanasana ule upande wa Voi kwenda Mtito Andei barabara imenyooka giza tupu, jicho liko wazi lakini kichwa kimelala, anashtuka gari liko upande wa pili na hajui limefikaje. Madereva wenyewe wanalijua hili, muulize atakwambia.

Usimwambie aache, mtagombana na pesa mnaitegemea. Siku akishalala akaamka ameshiba, muulize analala wapi njiani. Kama hana pahali maalum mkubaliane pawepo, Maungu, Voi, Mtito, popote penye malori mengi na taa, azime injini alale masaa kadhaa hata bosi apige simu. Na wewe usimpigie akiwa kwenye usukani, ngoja apige yeye akisimama. Mwambie pia apime presha na sukari, kukaa kitini kutwa na kula chakula kizito usiku wa manane kunaumiza madereva wengi kimyakimya.

SWALI: Nimekatwa karibu mshahara wote wa mwezi, wanasema diseli imepungua. Sijaiba. Naweza kufanya nini? – Dereva, Port Reitz

JIBU: Ndugu yangu, Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara uliyoisababisha kwa makusudi, na makato yote pamoja hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara. Kwahivo kukatwa karibu wote haiko sawa, na kupungua kwa diseli si ushahidi kwamba umeiba, gari likinguruma masaa mengi kwenye foleni linakunywa, likiwa na noza mbovu za kupulizia mafuta linakunywa.

Hizi hesabu za lita za kubana ndo zinafanya watu waachie frii kwenye miteremko kama wa Salgaa kule Nakuru ili wafidie, gia imetoka, injini haishiki tena gari, breki zinapata moto mpaka zinakataa. Usiingie hapo hata wakikukata tena.

Andika mita ya kilomita kila ukijaza na kila ukifika, piga picha dashibodi na risiti ya petroli stesheni, andika na masaa ya foleni. Barua ya kulalamika iandikwe, ubaki na kopi yenye muhuri wao. Wakikaa kimya nenda ofisi ya leba na slipu za mshahara, ama upitie chama cha madereva wa masafa marefu, kipo hapa Mombasa. Usisaini karatasi yoyote inayosema umekubali kupoteza mafuta, hata wakikwambia ni ya faili tu.