Mfamasia Akihama, Jazia Ibaki: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Makabidhiano

SWALI: Mimi ni mfamasia wa halmashauri. Mfamasia wa mkoa aliyekuwa akiratibu Jazia, mfumo wa vituo vya umma kununua dawa zinazokosekana bohari ya serikali, amehamishwa, nami nimeandikiwa kukaimu. Nimepewa funguo, na barua ya makabidhiano ya kurasa mbili inasubiri saini yangu. Nianzie wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Usitie saini leo. Omba siku tano za kukaa naye mezani kabla hajafunga mizigo. Akishafika kituo kipya, kila swali utakalompigia simu litakuwa la kumsumbua.

Mkoani kwako ndiko Jazia ilikoanzia mwaka 2014, kabla ya kuenea nchi nzima mwaka 2018, kwa hiyo unajua inavyokwenda: dawa ikikosekana Bohari ya Dawa (MSD), vituo vya umma vya mkoa mzima vinainunua kwa mshitiri mmoja, yaani muuzaji aliyeshinda zabuni, kwa bei zilizokubaliwa mapema. Nguvu ya kununua pamoja iko hapo, na hatari yake iko hapo hapo. Halmashauri moja ikichelewesha malipo, zahanati ya halmashauri ya jirani nayo inakosa dawa, maana mshitiri ni yule yule na mtaji wake ni ule ule.

Ndiyo maana karatasi ya kwanza kuidai ni ya madeni. Dai jedwali la kila halmashauri: namba ya oda, tarehe, thamani ya kilichopokelewa, kilicholipwa, kilichobaki. Kisha mwombe mshitiri naye alete lake, mlinganishe mstari kwa mstari. Tuseme halmashauri inasema inadaiwa milioni 4, mshitiri anasema milioni 6.5. Msiishie kubishana. Tafuteni fomu za ukaguzi na mapokezi za ile milioni 2.5. Mara nyingi mzigo ulifika na dawa zikatumika, ila wajumbe wa mapokezi hawakutia saini, kwa hiyo ankara haikuingia kwenye malipo. Tatizo la namna hiyo hutatuliwa kwa kuwaita wajumbe watatu kikaoni. Likiachwa kwa aliyehama, litakuja kwako kama hoja ya ukaguzi.

Angalia pia tarehe ya mwisho ya mkataba wa mshitiri. Zabuni hula miezi. Ukikuta imebaki minne, kazi yako ya wiki ya kwanza ni hiyo.

Oda zilizo njiani zihesabiwe moja moja, na kila moja iwe na uthibitisho wa MSD kwamba dawa haipo. Kaimu mpya hubanwa sana hapa: rafu tupu, simu za waganga wafawidhi (wakuu wa vituo) hazikatiki, na huruma inamsukuma kupitisha oda bila ile karatasi. Mkaguzi hatauliza habari ya huruma. Atauliza kwa nini hamkununua MSD.

Nywila ya mwenzako ya NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, usiipokee hata akikuandikia kwenye kikaratasi kwa nia njema. Omba jukumu lifunguliwe kwa jina lako na lake lifungwe. Ukiidhinisha kwa akaunti yake, kumbukumbu zitaonyesha yeye ndiye aliyeidhinisha, na siku ya kuulizwa mtaumia wote wawili.

SWALI: Nimeteuliwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya. Anayeondoka anasema stoo iko sawa na leja. Je, ni lazima tuhesabu upya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Lazima, ndugu yetu, na muwe watatu: anayeondoka, wewe, na mtu wa ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Fungeni stoo nusu siku ili dawa zisitoke mkihesabu. Andikeni jina la dawa, namba ya bachi, tarehe ya kuisha muda, idadi ya leja, idadi ya rafuni na tofauti. Leja ikisema makopo 14 na rafuni yako 11, usiisahihishe leja kimyakimya. Andika 11, eleza upungufu, wote mtie saini. Zilizoisha muda zitengwe na ziandikwe peke yake. Dawa za kudhibitiwa kama pethidini, ketamini na dayazepamu zihesabiwe chupa kwa chupa dhidi ya rejista yake, na ufunguo wa kabati ubadilishe mkono mbele ya shahidi.

Halafu kuna kosa lisiloonekana rafuni. Mfawidhi mpya hupiga wastani wa matumizi kwa kugawa matumizi ya miezi mitatu kwa tatu. Chukua amoksisilini: siku 90, zimetumika kapsuli 6,000. Ukigawa kwa 3 unapata 2,000 kwa mwezi. Lakini fungua kadi ya stoo utazame sifuri zilikaa siku ngapi. Kama dawa haikuwepo siku 30, zile 6,000 zilitumika kwa siku 60 tu, yaani 100 kwa siku, sawa na 3,000 kwa mwezi. Ukiagiza 2,000 zitakwisha siku ya ishirini, na mama mwenye mtoto wa nimonia ataelekezwa duka la dawa. Kila mwezi unaorudia hesabu hiyo, upungufu unazaa wastani mdogo zaidi, na wastani mdogo unazaa upungufu.

SWALI: Mfawidhi wetu kaondoka ghafla. Je, kamati ya usimamizi ya kituo imevunjika? Na fedha benki tunazitoaje?
Mjumbe wa kamati, Shinyanga

JIBU: Kamati haijavunjika. Mfawidhi ni katibu wake tu; anayekaimu kwa barua anashika ukatibu, na mwenyekiti anaweza kuitisha kikao hata kesho. Fedha ndizo zitakazowakwamisha: benki itamtambua mtia saini wa zamani mpaka ipelekewe barua ya halmashauri ya kumwondoa na kumweka mpya, pamoja na kitambulisho, picha na saini za mfano. Pelekeni barua hiyo wiki hii, na siku hiyo hiyo ombeni akaunti ya kaimu ifunguliwe kwenye FFARS, mfumo wa hesabu na taarifa za fedha za vituo. Mkisubiri mfawidhi wa kudumu, umeme na dizeli ya jenereta havitasubiri.