Kabla hujajibu kwa nini Mungu ni "Baba"

Ninyi mnaoanza mwaka wa kwanza wa theolojia, swali hili litawafikia kabla hata hamjapewa vitambulisho vya chuo. Shangazi atauliza msibani. Mtoto wa shule ya Jumapili atauliza huku akitazama kalenda ukutani, yenye mzee wa ndevu nyeupe juu ya wingu. Mbona Mungu ni mwanamume?

Mimi nililijibu vibaya, tena madhabahuni. Nilikuwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, huko Umasaini, nahubiri kwa Kiswahili na mwinjilisti anatafsiri. Nikatamka kwa kujiamini kwamba Mungu hana hata neno moja la kike. Mwinjilisti akasita, akatafsiri, kanisa zima likacheka. Baada ya ibada bibi mmoja akaniita pembeni.

"Mwanangu, mvulana kwetu anaitwaje?"

"Olayioni, mama."

"Na msichana?"

"Entito."

"Na Mungu?"

"Enkai."

"Haya. Umejisikia mwenyewe."

Kwa Kimaasai, *ol-* ni kiambishi cha kiume na *en-* ni cha kike. Biblia yao inamwita Mungu Enkai, jina ambalo pia ni mbingu na mvua. Lakini msikimbilie kusema basi Wamaasai wanaabudu mwanamke. Jinsia ya neno si jinsia ya mwili. Kwa Kiarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, na hakuna anayeutafutia mwezi mchumba.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu. "Alisema", "aliumba", "yeye": hapo huwezi kujua ni mume au mke. Tunasoma sura nzima bila kugundua kwamba Kiebrania kilishachagua. Kiebrania hakina jinsia ya kati, kwa hiyo hata neno la pili la Biblia, *bara*, "aliumba", limevaa umbo la kiume. Shukeni mstari mmoja tu: Roho, *ruach*, ni neno la kike, na kitenzi chake, *merachefet*, ni cha kike pia. Biblia yetu inasema Roho ya Mungu "ikatulia" juu ya maji, lakini mzizi huohuo ndio unaotumika katika Kumbukumbu la Torati 32:11 kwa tai anayepapatika juu ya makinda yake. Roho huyo akivukia kwenye Kigiriki anakuwa *pneuma*, si wa kike wala wa kiume. Kilatini kikampokea kama *spiritus*, wa kiume. Hakuna aliyebadilika ila sarufi. Kwa hiyo someni Kiebrania mapema, hata kama herufi zinawaumiza macho. Mimi nilikiahirisha hadi mwaka wa tatu na ninajuta.

Sarufi haimalizi swali, lakini. Mfalme, Bwana, Baba na "mtu wa vita" wa Kutoka 15:3 ni picha zilizochaguliwa, na zilichaguliwa katika jamii ambamo jeshi, baraza la langoni na sehemu kubwa ya urithi vilikuwa mikononi mwa wanaume. Ukitaka kusema "mwenye mamlaka" pale, picha iliyokuwa karibu ilikuwa ya kiume. Hapo neno mfumo dume lina haki yake, ila msilitumie kama rungu la kufunga mjadala. Maandiko hayohayo yanakataza kumchonga Mungu kwa "mfano wa mwanamume au mwanamke" (Kumbukumbu 4:16), na Hosea 11:9 inasema wazi kwamba yeye ni Mungu, si mwanadamu. Neno la Kiebrania pale ni *ish*, ambalo pia ni mwanamume. Miungu ya majirani ilikuwa na wake. Huyu hapewi mungu wa kike kuwa mke wake popote katika Biblia; anapoitwa mume, ni picha ya agano lake na Israeli.

Isaya anazidi. Katika 42:14 Mungu analia kama mwanamke anayejifungua; katika 66:13 anafariji kama mama. Na neno "rehema" tunalolitamka kila siku limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa *rahim*, tumbo la uzazi. Kiebrania nacho kina *rachamim*, huruma, na *rechem*, tumbo la uzazi. Jirani yako Mwislamu akianza na Bismillahi Rahmani Rahimu, mzizi huo anautaja mara mbili, ingawa anamwita Mungu *Huwa*, kiwakilishi cha kiume, na Kurani 42:11 inamwambia hakuna chochote mfano wake.

Kwenye mtihani hayo yatakupa alama. Kwenye ushauri mtakutana na mtu ambaye neno "Baba" linamkaba kooni kwa sababu ya aliyoyaona nyumbani kwao. Huyo msimfundishe sarufi. Mfungulieni Isaya 49:15, pa mwanamke na mtoto wake anyonyaye, asome mwenyewe, na ninyi mkae kimya.

Yule mwinjilisti bado hunipigia simu kila Krismasi. Salamu yake ni moja tu: "Mchungaji, vipi, *en-* au *ol-*?"