Pula ya flatibaa, na maswali mengine ya pampu ya dizeli

Wiki hii karibu kila aliyeniandikia anataka kuvua pampu. Wengine wanahitaji kweli, wengine wamechoka tu na gari. Nimeanza na kijana wa Igoma, hapa Mwanza, kwa sababu ameshashika nyundo.

*Shikamoo fundi. Nina Hiace yenye injini ya dizeli aina ya 2L. Nati ya mbele ya pampu nimeitoa, lakini puli imegoma. Jirani anasema nitie tindo mbili nyuma yake nikandamize. Pula ya dukani, ile ya kuvutia puli itoke, bei yake siiwezi. Nifanyeje? (Fundi mwanafunzi, Igoma)*

Marahaba. Kwanza weka tindo chini. Puli haishikwi na nati peke yake. Shafti ya pampu ina ncha ya koni, na tundu la puli nalo lina koni hiyohiyo. Nati ikikazwa, koni hizo mbili zinabanana, na ukiitoa zinabaki zimekumbatiana. Ukikandamiza kwa tindo unaegemea mwili wa pampu, ambao ni aluminiamu. Mimi nilivunja sikio la pampu namna hiyo nikiwa bado najifunza. Bosi hakunifokea, alinipa tu ile pampu nikae nayo. Ipo mpaka leo, nazuia nayo mlango usipigwe na upepo wa ziwani.

Sasa pula (usichanganye na puli). Tazama uso wa puli, utaona matundu mawili madogo yenye nyuzi. Hayakuwekwa kwa urembo, ndiyo ya kuvutia. Mara nyingi ni M8 (ya bolti ya milimita 8), ila jaribu kwanza na bolti kwa mkono, iingie bila kulazimishwa. Bandika karatasi juu ya puli, isugue kwa kidole chenye grisi, matundu pamoja na ncha ya shafti vitajichora vyenyewe. Hiyo ndiyo ramani yako.

Tafuta flatibaa, yaani chuma bapa, ya unene wa milimita 10 au 12. Weka karatasi juu yake, piga alama katikati ya kila tundu, toboa matundu ya pembeni kwa drili ya 9. La katikati toboa kwa 10.2, kisha pitisha tepu (chombo cha kukata nyuzi) ya M12 ya kawaida, ile ya nyuzi za 1.75. Huna tepu? Chomelea nati ya M12. Hapa wengi wanakosea: nati ikae upande unaotazama puli. Bolti ya katikati inaposukuma shafti, nati inarudishwa nyuma. Ikiwa upande huo italiegemea bamba lenyewe. Ikiwa upande wa nje, kilichobaki kuishikilia ni uchomeleaji wako, na wewe bado mwanafunzi.

Bolti za pembeni ziwe na alama ya uimara ya 8.8 au 10.9 kichwani. Zizungushe mara saba ndani ya puli. Zikiwa fupi zitang'oa nyuzi. Zikiwa ndefu zitatokea nyuma na kuusukuma mwili wa pampu, na hapo umerudi kwenye tindo ya jirani. Nati ya pampu irudishe kwa mkono mpaka ilingane na ncha ya shafti, ili puli ikiachia isiruke na nyuzi za shafti zisiharibike. Chonga ncha ya bolti ya katikati iwe nyembamba kuliko shafti, weka kipande cha shaba katikati yao, paka grisi, ukaze. Ikiwa ngumu, subiri kidogo, gonga ukingo wa bamba kwa nyundo ndogo, kaza tena. Kichwa cha bolti usikigonge kamwe, maana pigo linaenda moja kwa moja kwenye vyuma vya ndani ya pampu. Ukisikia "tah!" kama kizibo cha soda, imeachia.

*Fundi, nikifungua nati puli inazunguka. Naweza kuizuia kwa taimingi belti? (Nyakato)*

Belti si kishikio. Bisibisi iliyopenyezwa kwenye matundu ya puli nayo si kishikio. Chukua flatibaa ndefu, nusu mita hivi, toboa matundu ya bolti zilezile mbili, na katikati acha nafasi ya kupitisha soketi. Mmoja ashike, mwingine afungue.

*Mwangaluka fundi. Jenereta letu lina Cummins 6BT. Fundi amefungua gia ya pampu, sasa kii (kile kichuma kidogo kinachofunga gia na shafti) hakionekani na anasema tuwashe tu. (Ukerewe)*

Msiwashe, na wala msiizungushe injini hata kwa mkono. Kwenye injini hiyo pampu inatoka kwa nyuma na gia inabaki ndani ya kasha lake, kwa hiyo chochote kinachodondoka kinaingia katikati ya meno. Tafuteni kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya. Isipopatikana, kifuniko cha gia kinafunguliwa, hata kama ni kazi ya kutwa. Siku nyingine, kabla ya kulegeza nati, zungusheni injini mpaka kii kiwe juu, saa sita kamili, kisha zibeni nafasi ya chini kwa kitambaa safi. Pula ni ileile ya kijana wa Igoma.

*Canter yangu inabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba. Asubuhi haiwaki mpaka betri ilie, mchana haina neno. Fundi anataka kuvua pampu. (Dereva)*

Kaka, usikubali bado. Gari inayowaka vizuri mchana na kugoma asubuhi mara nyingi inavuta hewa: dizeli inarudi kwenye tanki usiku kwa sababu ya mpira uliopasuka, wosha iliyochoka au kikombe cha filta kisichokaa sawa. Kesho, kabla ya kugusa swichi, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Ikiwaka mara moja, umepata jibu bila kulipa. Kisha weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani karibu na mlango wa pampu, uangalie mapovu. Bei ya mpira huo ukilinganisha na bei ya kuvua pampu, sitaki hata kuzitaja pamoja.

*Nimerudisha pampu ya dizeli, ile aina ya VE, injini inagonga kama nyundo na haina nguvu. Sikuweka alama. (Sengerema)*

Hapo ndipo tatizo lilipo. Pampu inazunguka nusu ya mwendo wa krenki (shafti kuu ya injini), kwa hiyo ukiikosea digrii 1, krenki imekosewa digrii 2, na injini ya dizeli inazisikia. Hakikisha kwanza alama za puli zimekaa kwenye jino lake. Zikiwa sawa, usianze kuisogezasogeza pampu kwa kusikiliza; mpelekee fundi mwenye saa ya kupimia, inayofungwa katikati ya kichwa cha pampu, kwenye bolti iliyo kati ya mabomba. Siku hizi una daraja la Kigongo–Busisi la kuja Mwanza, husubiri kivuko. Safari ijayo chora mstari mmoja kwa tindo kali, uvuke kutoka kwenye mwili wa pampu mpaka kwenye injini, kabla hujalegeza chochote. Na mabomba yakifunguka yazibe kwa vifuniko vya plastiki, si matambara. Uzi mmoja wa tambara unatosha kuziba nozeli.

*Bolti za kitanda zinafaa kwenye pula? (Buzuruga)*

Hapana.

*Fundi, pula unauza? (Wengi)*

Siuzi. Flatibaa utaipata kwa wauza chuma chakavu. Njoo nayo Mabatini, pamoja na karatasi yako ya grisi, tepu nitakuazima.