Meno ya Watoto Wetu: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Miongoni mwa barua za malezi zilizotufikia, tatu zinahusu meno ya watoto wadogo, na tumeona zijibiwe pamoja. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Daktari, salaam. Binti yangu ana miezi tisa na ameota meno mawili ya juu, ilhali ya chini hayajaonekana. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema mtoto ni kigego na anataka apelekwe kuzinguliwa. Juu ya hayo, tangu juma lililopita mtoto anaharisha na mwili una joto, na jirani amemfunua kinywa akasema uvimbe mweupe ulio pande mbili za fizi ni meno ya nailoni, ambayo yasipotolewa yatamuua. Mume wangu yuko safarini, nami sipendi kuonekana mkaidi mbele ya mama yake. Nifanye nini?
*Mama wa mtoto mmoja, Pangani*

Mama mpendwa, nianze na lisilosubiri. Mtoto wa miezi tisa aliyeharisha na kuwa na joto kwa juma zima anapaswa kuonwa kituo cha afya leo, si baada ya baba yake kurudi, na katika nchi yetu homa ya mtoto hupimwa malaria kabla ya kusingiziwa jambo jingine lolote. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi kuliko kawaida, na mpe ORS iliyochanganywa kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, kijiko baada ya kijiko. Kituoni watampa pia zinki, ambayo kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, na hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma mapema. Akishindwa kunyonya, akitapika kila anachopewa, akilegea, akipatwa na degedege, macho yakididimia au kinyesi kikiwa na damu, hapo usingoje hata saa moja.

Sasa tuje kwenye meno yenyewe. Kwa watoto wengi meno mawili ya kati ya chini hutangulia, kati ya miezi 6 na 10, na ya juu hufuata kati ya miezi 8 na 12. Ukizitazama hesabu hizo utaona zinaingiliana, hivyo mtoto ambaye ya juu yamewahi kidogo na ya chini yamechelewa kidogo hajatoka nje ya mpaka wa kawaida. Hukumu ya kigego ni ya kale katika pwani yetu. Zamani mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo, na wako waliopotezewa uhai kwa sababu hiyo. Silitaji hili ili kukutisha, bali ufahamu kwamba mama mkwe wako hakuzua jambo: amerithi hofu ambayo huenda yeye naye aliisikia kwa bibi yake. Mwanao hana kasoro yoyote.

Kuhusu kuharisha, meno hayaharishi. Jino linapopasua fizi mtoto hutokwa na udenda, hulialia, hutafuna kila anachokipata, na pengine mwili hupata joto kidogo tu, lakini homa ya nyuzijoto 38 na zaidi, au choo cha maji, vina chanzo kingine. Watu huyaunganisha mambo haya kwa sababu yanatokea wakati mmoja. Karibu na miezi sita kinga ambayo mtoto alizaliwa nayo kutoka kwa mama huwa imepungua sana. Ndipo pia anapoanzishiwa uji na vyakula vingine, pamoja na vyombo na maji ambavyo huenda si safi. Na ndipo anapoanza kutambaa na kupeleka mdomoni kila alichookota sakafuni. Jino la kwanza hufika katikati ya msukosuko huo, likabebeshwa lawama zote.

Ule uvimbe mweupe ni vichwa vya chonge ambazo bado ziko ndani ya fizi. Kila mtoto anavyo, aliye mzima na aliye mgonjwa, na kwa kawaida hutokeza kati ya miezi 16 na 22. Madaktari wa Tanzania wameripoti imani ya meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita ya plastiki, tangu miaka ya 1980, na iko pia Kenya, Uganda na Ethiopia. Wanaoyatoa huchimba fizi kwa kisu, kwa spoki ya baiskeli au hata kwa ukucha, kisha humwonyesha mzazi kitu cheupe na laini kama ushahidi, nacho si nailoni wala mdudu bali ni jino changa la mtoto lisilokomaa. Mtoto aliyekwisha kudhoofishwa na kuharisha hupoteza damu, jeraha huweza kuingiza pepopunda au maambukizi mengine, na miaka baadaye chonge ya ukubwani huota imepinda, ina kasoro, au haioti kabisa. Wale wanaoapa kwamba mtoto wao alipona baada ya kutolewa wanasema walichokiona, ila kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na aliyekuwa na kisu ndiye aliyechukua sifa.

Kwa upande wa mama mkwe, sikushauri umsomee jibu hili, maana sijapata kumwona mama mkwe anayependa kusomewa jarida na mkaza mwana wake. Mwombe akusindikize kituoni, ampakate mjukuu yeye mwenyewe, kisha umwombe muuguzi aeleze mambo ya fizi mbele yake. Hapo atakuwa ameambiwa na mtaalamu, si na wewe. Mume wako naye apige simu, kwa kuwa agizo kwamba mtoto asiguswe fizi lina uzito mwingine likitoka kwa mwanawe. Ama hilo la kuzinguliwa, ikiwa ni dua na kisomo tu, mimi nisingegombana na mtu. Ikiwa ni kunyweshwa dawa, kuchanjwa chale au kuguswa kinywa, kataa kwa adabu na usirudi nyuma.

Daktari, kijana wetu ana miaka minne. Meno manne ya mbele ya juu yamelika hadi karibu na fizi, na gego moja la chini limetoboka na humuuma akila. Mimi na mke wangu tunarudi jioni tumechoka, na dada anayetusaidia nyumbani humlaza kwa chupa ya maziwa ya sukari. Kaka yangu anasema tuyaache kwa kuwa yataanguka. Mke wangu anasema dawa ya jino ni kung'oa, basi yang'olewe yote. Nani yuko sahihi?
*Baba, Morogoro*

Ndugu yangu, kila mmoja ana kipande kidogo cha ukweli, lakini sikubaliani na uamuzi wa yeyote kati yao.

Kaka yako anasahau muda. Meno ya mbele huanza kung'oka karibu na miaka sita, lakini magego ya utotoni hubaki kinywani hadi kati ya miaka 9 na 12, kwa hiyo gego hilo la kijana wako lina miaka mitano au zaidi ya kazi mbele yake. Kumwacha mtoto atafune kwa upande mmoja, alale vibaya na asile nyama wala mahindi kwa miaka yote hiyo ni mateso. Isitoshe, uozo ukifika kwenye mzizi hutunga usaha, na jino la ukubwani linalojengwa chini yake huweza kuharibika kabla halijauona mwanga.

Mke wako naye anasahau nafasi. Gego la utotoni hulishikia mahali lile la ukubwani litakaloota. Likitolewa mapema, majirani zake husogea, na lile jipya likifika hukuta nafasi imezibwa, likaota kwa kupinda. Kung'oa kuna mahali pake, hasa pale penye usaha, ila huamuliwa na daktari baada ya kulitazama jino mojamoja.

Njia iliyo kati ya hizo mbili si ya matajiri peke yao. Iko namna ya kuziba jino ambayo haihitaji mashine wala umeme: uozo hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu hujazwa saruji maalumu inayotoa floridi, madini yanayolikinga jino. Namna hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama ART, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kazi ya wataalamu wa Dar es Salaam waliotafuta tiba inayofaa mahali pasipo na umeme, na sasa inatumika sehemu nyingi za dunia. Kwa yale ya mbele daktari anaweza kupaka dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo husimamisha uozo bila kuchimba. Ubaya wake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi, na wazazi wengine hawaipendi sura hiyo. Mimi naona jino jeusi lisilouma ni afadhali. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo, pamoja na dawa ya meno ya floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Uso au shavu likivimba kabla hamjafika kwa daktari, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Tiba hiyo haitadumu iwapo chupa itabaki. Mtoto anapolala mate hupungua, maziwa yenye sukari hukaa yakiyazunguka meno ya juu usiku mzima, na vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa asidi inayolila jino. Yale ya mbele ya chini huponea kwa sababu ulimi huyafunika, na ndiyo maana kwa kijana wako ya juu ndiyo yaliyolika. Chupa msiinyang'anye kwa usiku mmoja, kwani mtakesha nyote. Ondoeni sukari kwanza, kisha muongeze maji kidogo kila baada ya siku kadhaa hadi yabaki maji matupu, ambayo mtoto mwenyewe ataona hayana haja ya kuliliwa. Wala msimkaripie dada: anafanya kile kinachomlaza mtoto wa watu waliochoka, na hakuna aliyemweleza madhara yake. Mwelezeni, na muelewane naye juu ya biskuti, soda na juisi za mchana, kwa kuwa kudonoa vitamu siku nzima huliumiza jino kuliko kuvila kwa mara moja pamoja na chakula.

Mswaki ni kazi yenu wazazi. Mtoto wa miaka minne hawezi kujisugua vizuri, na hataweza hadi karibu miaka saba. Mkalisheni akiwa amewaegemea kwa mgongo, mwinue kidevu chake, mtumie dawa ya floridi ya kiasi cha punje ya njegere (kwa aliye chini ya miaka mitatu, punje ya mchele), naye ateme bila kusukutua kwa maji mengi. Ifanyike mara mbili kwa siku. Ikiwa siku moja uchovu umewashinda kabisa, basi ni heri kukosa wa asubuhi kuliko ule wa kabla ya kulala.

Daktari, mimi ni bibi ninayelea wajukuu wawili huku Arumeru. Mkubwa ana miaka saba. Meno mapya ya chini yametokea nyuma ya yale ya zamani, ikawa safu mbili, na mapya yote yana madoa ya kahawia. Mwalimu amemwambia mbele ya wenzake kwamba hapigi mswaki, nami ndiye ninayemsimamia kila siku. Je, nimekosea wapi? Na je, ni vibaya kumwacha arushe jino juu ya bati kama tulivyofanya sisi?
*Bibi, Arumeru*

Shikamoo, bibi. Hujakosea mahali.

Safu mbili ni jambo la kawaida kwa meno ya mbele ya chini. Mwache ayatikise ya zamani kwa ulimi na kwa vidole safi. Yakianguka, ulimi huyasukuma mapya mbele taratibu. Ikipita miezi miwili au mitatu na yale ya zamani bado ni magumu, ndipo daktari ayatoe.

Madoa ya kahawia yanatokana na maji. Maeneo mengi ya Arusha, Meru na Bonde la Ufa, hata kule Nakuru na Naivasha upande wa Kenya, yana maji yenye floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi kidogo hulikinga jino, lakini ikizidi katika miaka ambayo meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, tangu kuzaliwa hadi karibu miaka minane, tabaka la nje hutoka na kasoro. Doa hilo limo ndani ya jino, na hakuna mswaki utakaoliondoa. Usiruhusu wamsugue kwa mkaa au mchanga, watalikwangua jino bure. Akiwa mkubwa, akitaka, daktari wa meno anaweza kuyapunguza au kuyafunika. Mwalimu aelezwe hivyo, na ikiwezekana aelezwe na wewe ana kwa ana, kwa kuwa katika darasa lake mjukuu wako hawezi kuwa peke yake.

Kwa huyo mdogo, ikiwa bado hajafikisha miaka minane, ungali na muda. Kuchemsha maji hakuondoi floridi; maji yakipungua kwa mvuke, floridi huzidi kukolea. Maji ya mvua yaliyokingwa safi yana floridi kidogo sana, na vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyotengenezwa huko kwenu huipunguza vizuri, mradi mkaa ubadilishwe unapochoka. Yatumie kwanza kwa kunywa, kwa chai na kwa kupikia uji wa mtoto. Punguza pia magadi kwenye maharage na makande, kwani nayo huwa na floridi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila hayo.

Jino arushe tu juu ya bati, bibi. Lakini umtazame nyuma kabisa ya kinywa: katika umri wake magego manne ya ukubwani huwa yameshaota bila jino lolote kung'oka, na kwa kuwa hakuna pengo lililotangulia, wazazi wengi huyadhani ni ya utotoni na kuyaacha yaoze. Hayo hayana mbadala. Ukiona kidoa cheusi kwenye mikunjo yake, mpeleke kwa daktari mwezi huo huo.