Maswali yenu kuhusu kupunguza mafuta bila kisu

Wiki hii karibu kila aliyeniandikia ameuliza kuhusu zile mashine na sindano za kuondoa mafuta bila upasuaji, nimeyachagua haya kwa sababu mengine yanafanana.

Dada, hivi kugandisha mafuta kunafanya kazi kweli? Nina kilo 94, nataka nifike 75 kabla ya harusi yangu Desemba.

Kunafanya kazi mpenzi, ila sio kazi unayoitaka wewe. Iko hivi, seli za mafuta hazivumilii baridi kama ngozi inavyovumilia, kwaiyo mashine inavuta ule mkunjo wa nyama, inaupoza kama dakika 35 mpaka saa nzima, baadhi ya seli zinakufa alafu mwili unazisafisha taratibu, majibu unayaona baada ya miezi miwili mitatu. Na unajua wazo lenyewe limetokana na watoto? Mwaka 1970 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mtoto aliyevimba shavu na mafuta ya pale yakafa kisa kunyonya barafu ya kijiti, miaka mingi baadaye Dieter Manstein na Rox Anderson wa Massachusetts General Hospital kule Boston ndo wakatengeneza njia ya kufanya hivyo kwa makusudi, na 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu mashine ya CoolSculpting itumike ubavuni, pale kwenye nyama uzembe. Sasa sikia hesabu: sehemu iliyofanyiwa inapungua kama asilimia 20 hadi 25 ya unene wa mafuta. Ukiwa na sentimita 4 unabaki na 3. Mzani hautajua kama ulienda kliniki! Kilo 19 zinatoka kwenye sahani na miguu, na kwa daktari kama kuna ugonjwa nyuma yake, usiguse hela ya harusi kwa ajili ya hii kitu.

Naweza kujifunga barafu tumboni nyumbani?

Hapana jamani. Mashine ina vipima joto na kuna kitambaa chenye jeli cha kulinda ngozi, wewe na barafu yako ya friji utaunguza ngozi na mafuta yatabaki palepale.

Kuna dada anauza sindano za kuyeyusha kidevu cha pili, anasema nijichome mwenyewe anipunguzie bei. Nichukue?

Usichukue, tafadhali, hili nakuomba kama mdogo wangu wa damu. Dawa halali ipo, inaitwa asidi ya deoksikoliki, ni kitu kilekile kinachopatikana kwenye nyongo yetu kusaidia kusaga mafuta, FDA waliipitisha 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Inapasua seli za mafuta, lakini haichagui, ikikosea njia inaumiza na vingine. Pale chini ya taya unapita mshipa wa fahamu unaoshusha mdomo ukicheka, ukiuchoma mdomo unaenda upande, na hata kwa daktari mwenye mkono mzuri utavimba siku kadhaa. Desemba 2023 FDA hao hao walitoa onyo kuhusu sindano za kuyeyusha mafuta zisizosajiliwa, watu walipata makovu, maambukizi na vinundu vinavyouma. Kama mtu hawezi kukuonyesha dawa imesajiliwa, kwa Tanzania ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, huyo hauzi urembo.

Mume wangu ana kitambi kigumu kama ngoma, mashine ipi itamfaa?

Hakuna hata moja. Mwambie asimame ajibane tumbo kwa vidole, nyama ikishikika hayo ni mafuta ya chini ya ngozi ndo mashine zinayafikia, iwe ya baridi, ya leza, au ya mawimbi ya sauti. Tumbo gumu lisiloshikika mafuta yake yako ndani, yamezunguka ini na utumbo, na hayo ndo yanayoenda pamoja na kisukari na presha. Badala ya kliniki ya urembo mpeleke akapimwe sukari na presha wiki hii hii, hayo mafuta ya ndani kwa bahati nzuri huwa yanapungua mtu akianza kutembea na kupunguza ugali wa usiku na bia.

Nimejifungua miezi minane, nimekandwa na nimefungwa khanga vizuri lakini tumbo linatokeza katikati.

Mama pole, na hongera. Inawezekana sio mafuta, inawezekana misuli ya tumbo imeachana. Lala chali, nyanyua kichwa kidogo, ukiona katikati panachomoza kama mgongo wa samaki nenda kwa mtu wa fiziotherapia. Na kama ni henia, yaani utumbo umechomoza kupitia misuli ya tumbo, mashine ya kugandisha hairuhusiwi kabisa pale.

Ni kweli kuna mtu mafuta yaliongezeka badala ya kupungua?

Kweli kabisa. Linda Evangelista, yule mwanamitindo mkubwa wa miaka ya 90, alisema hadharani 2021 kwamba yalimpata baada ya CoolSculpting. Ni nadra lakini ipo, miezi kadhaa baadae sehemu inavimba na kuwa ngumu, yenye umbo lilelile la kikombe cha mashine, haiondoki yenyewe na mara nyingi inatolewa kwa upasuaji, kisu kilekile ulichokuwa unakikimbia. Muulize anayekuhudumia kuhusu hili kabla hujalala kitandani, akisema hajawahi kulisikia, vaa viatu vyako uondoke.