Kompyuta Imegoma Kuwaka Baada ya Kusasishwa: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu mhariri, kompyuta mpakato yangu yenye Windows 11 ilianza kujisasisha juzi usiku, nami nikaiacha ikiendelea nikalala. Asubuhi niliikuta ikionyesha nembo ya mtengenezaji na viduara vinavyozunguka. Kisha kioo kinazima, nembo inarudi, na mzunguko huo haujakoma hadi leo. Fundi niliyempigia simu amesema dawa ni kupiga Windows upya. Humo ndani mna tasnifu ninayotakiwa kuiwasilisha mwezi ujao, na sina nakala nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali kupiga Windows upya kabla tasnifu hiyo haijatoka ndani ya mashine. Kupiga upya si kosa, na kuna nyakati ambapo hakuna njia nyingine, lakini mafundi wengi huanzia hapo kwa sababu kazi hiyo haimlazimu mtu kutafuta hitilafu iko wapi. Hasara humwangukia mwenye faili.

Dalili uliyoieleza si mbaya sana. Nembo ikitokea na viduara vikizunguka, maana yake mashine inapata umeme, kioo kinafanya kazi, na safari ya kuupakia mfumo endeshi imekwisha kuanza. Kwa kawaida kinachoikwamisha hapo ni draiva mpya, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa, isiyoelewana na kifaa fulani, au faili zilizoandikwa nusunusu kwa sababu nafasi ya diski ilikwisha au umeme ulikatika kazi ikiwa katikati.

Anza kwa kuchomoa kila kitu kilichounganishwa, yaani flashi, printa, kipanya na diski ya nje, ubakize waya wa chaji tu, kwa maana mashine nyingine hukwama kwa kujaribu kuwakia kwenye flashi iliyosahauliwa. Kisha iwashe, na nembo inapotokea bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia kwa sekunde 10 hivi hadi izime. Rudia hivyo mara mbili au tatu mfululizo, na Windows yenyewe itatambua kwamba imeshindwa kuwaka na kukufungulia menyu ya bluu ya ukarabati. Njia hii ya kuzima kwa nguvu naipendekeza kwa sababu mashine yako imezunguka siku nzima. Anayeona asilimia bado zinapanda, hata kwa mwendo wa kinyonga, asiguse kitufe hicho, kwa kuwa sasisho kubwa kwenye diski ya zamani huweza kuchukua saa kadhaa.

Ndani ya menyu hiyo chagua kutatua matatizo, halafu chaguo za kina, na ufungue dirisha la kuandikia amri. Andika neno notepad, ubonyeze Enter, na programu ndogo ya kuandikia itafunguka. Nenda kwenye menyu yake ya faili, uchague kufungua, na katika sehemu ya aina ya faili uchague zote badala ya zile za maandishi tu. Dirisha hilo dogo huonyesha diski nzima: tafuta kabrasha lenye tasnifu, libonyeze kwa kitufe cha kulia, lichukue nakala, kisha libandike kwenye flashi utakayoichomeka wakati huo. Usishtuke ukikuta diski uliyoizoea kwa herufi C sasa inaitwa D, kwani katika mazingira hayo herufi huweza kubadilika.

Tasnifu ikishakuwa salama, rudi kwenye chaguo za kina uchague kuondoa masasisho. Utaulizwa kama unataka kuondoa sasisho la kawaida (yaani lile la kila mwezi) au lile kubwa linalobadilisha toleo zima. Ondoa lililoingia juzi, na kama hulijui, anza na la kawaida. Ukumbuke kwamba kurudi kwenye toleo la awali kuna kikomo cha siku 10 tangu sasisho kubwa lilipoingia, kwa hiyo usiiweke mashine kabatini ukisubiri nafasi. Hilo likishindikana, washa katika hali salama, ambayo hupakia draiva za lazima tu. Ikiwaka huko, mtuhumiwa ni draiva au programu iliyoongezwa, na unaweza kuiondoa ukiwa humo humo. Ukarabati wa kuwasha wa moja kwa moja ujaribu mara moja. Kuurudia mara tano, kama wengi wafanyavyo, sijaona faida yake.

Tukio la tarehe 19 Julai 2024 linafaa kukumbukwa hapa. Sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike, ambalo halikuwa la Windows yenyewe, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani kwa makadirio ya Microsoft, na tiba iliyotolewa ilikuwa kuingia katika hali salama na kufuta faili moja, kisha mashine ikawaka na kila kilichokuwa ndani yake.

Iwapo hata hatua hizi zitakwama, au kunakili faili kukienda kwa kusuasua na kukatikakatika, shuku diski yenyewe. Sasisho huandika maelfu ya faili kwa mkupuo, na diski iliyokuwa ikichoka kimyakimya huanguka siku hiyo, lawama zikaenda kwa sasisho.

SWALI: Baada ya kusasisha, kompyuta yangu inadai namba ndefu ya kufungulia diski, ambayo sikumbuki kuiweka. Je, nimevamiwa na wadukuzi?

JIBU: La. Huo ni ulinzi wa BitLocker, ambao kwenye kompyuta nyingi mpya huwashwa bila kelele mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Sasisho likigusa programu ya msingi inayoiamsha mashine, ulinzi huo huona mazingira yamebadilika na kudai uthibitisho. Namba inayotakiwa ina tarakimu 48. Ingia katika akaunti yako ya Microsoft kwa kutumia simu, utafute funguo za urejeshaji, ulinganishe kitambulisho kilicho kwenye kioo na kilichoandikwa kando ya namba. Kama kompyuta ni ya kazini, waulize wanaoisimamia. Namba hiyo isipopatikana popote, hata Microsoft haiwezi kukutengenezea nyingine, na faili zitabaki zimefungwa.

SWALI: Natumia Ubuntu. Tangu nisasishe, naona kioo cheusi tu.

JIBU: Zima, uwashe, na papo hapo ushikilie Shift au uguseguse Esc kulingana na umri wa mashine, hadi itokee menyu ya GRUB, programu inayochagua mfumo wa kuwasha. Fungua chaguo za ziada za Ubuntu, uchague keneli (kiini cha mfumo endeshi) iliyotangulia, kwani ile ya zamani haifutwi mara mpya inapoingia. Ikiwaka, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uendeshe sudo dpkg --configure -a ili kukamilisha kilichokatika, kisha df -h /boot uone kama sehemu hiyo imejaa. Ikiwa imejaa, sudo apt autoremove itaondoa keneli zilizopitwa na wakati, nawe uweze kuisakinisha ile mpya kwa ukamilifu.